Mwendo wa Twiga: Kumkimbiza Mbwa Mkubwa Mbele ya Jaji

Mzee jirani yetu hapa Kihesa, Iringa, alikuwa askari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Ruaha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hadi leo mnyama hapiti mbele yake bila kutazamwa miguu. Asubuhi moja nilikuwa narudi kutoka uwanjani na Jabali, mbwa wangu wa aina ya Great Dane, nikamwamkia mzee kama kawaida, akaitikia marahaba, kisha akaegemea jembe lake na kututazama tukipita kando ya shamba lake la mahindi hadi mwisho wa uzio. Aliponiita nirudi alisema maneno machache tu: "Mwalimu, huyu mbwa wako anatembea kama twiga. Miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja. Kwani wewe huoni?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimemlea mbwa yule tangu akiwa na umri wa wiki nane, nilijua kila kovu la mwilini mwake, nilikuwa nimeshampeleka Nairobi kwenye maonesho ya mbwa wa mbegu, ambako jaji hulinganisha umbo na mwendo wa mbwa, na kurudi mikono mitupu, na bado sikuwa nimeelewa kwa nini jaji alinitaka nirudie mstari ule ule mara mbili, kisha akanishukuru kwa upole na kunionesha mahali pa kusimama, mwisho wa safu. Maneno ya mzee ndiyo yaliyonifungua macho, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu kosa hilo halina jina jingine isipokuwa mwendo wa twiga.

Mbwa ana miendo kadhaa. Akitembea taratibu, miguu yake minne hugusa ardhi mmoja baada ya mwingine, na ukisikiliza kwa makini utahesabu vishindo vinne. Akiongeza kasi huingia katika mwendo ambao mimi nauita mchakamchaka, kwa kuwa una mdundo ule ule wa watoto wetu wanapokimbia alfajiri kabla ya kuingia darasani: mguu wa mbele wa kulia unakwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha wa mbele wa kushoto pamoja na wa nyuma wa kulia. Akizidisha hapo, anapiga shoti. Mwendo wa twiga hujipenyeza katikati ya kutembea na mchakamchaka. Miguu miwili ya kulia inakwenda pamoja, kisha miwili ya kushoto, na mwili mzima unayumba huku na huku kama lori la magogo la Mafinga lililoingia kwenye mashimo. Ugumu wa kuugundua ni kwamba nao una vishindo viwili, sawasawa na mchakamchaka, kwa hiyo sikio halikusaidii kitu. Na wewe uliyeshika kamba, ukimtazama mbwa kutoka juu na kwa pembeni, unaona mgongo na masikio tu.

Jaji yeye anataka mchakamchaka kwa sababu maalumu. Mbwa akiwa amesimama, mwongozaji hodari anaweza kumpanga miguu, akamwinua kichwa na kuficha kasoro nyingi, lakini akishaanza kukimbia hakuna awezaye kumpanga tena. Katika mwendo huo pande zote mbili za mwili hufanya kazi sawa, kwa hiyo kasoro ya upande mmoja hujitokeza mara moja. Mabega yaliyosimama wima mno hayaruhusu mguu wa mbele kufika mbali, viwiko vilivyolegea hutokeza nje, na miguu ya nyuma isiyo na nguvu huburutwa badala ya kusukuma. Kwa Great Dane jaji hutarajia hatua ndefu na nyepesi, mgongo uliotulia bila kurukaruka, kichwa kilichoelekezwa mbele, na miguu inayokwenda sambamba anapotazamwa kwa mbele au kwa nyuma, ingawa kadiri kasi inavyoongezeka miguu hiyo huelekea kukaribia mstari wa katikati chini ya mwili, na hilo si kosa. Zipo aina chache ambazo husamehewa mwendo wa twiga, kama vile Neapolitan Mastiff, lakini Great Dane hayumo.

Niseme kidogo kuhusu ukubwa wenyewe, kwa kuwa ndio unaoleta shida yote. Jina lake humfanya mtu adhani ametoka Denmark, ilhali ni mbwa wa Ujerumani, na sifa zake rasmi ziliandikwa mara ya kwanza huko Berlin mwaka 1880. Kwa kipimo cha shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, dume anatakiwa awe na kimo cha sentimita 80 hadi 90 begani, na jike 72 hadi 84. Jabali ana sentimita 84 na uzito wa kilo 68. Watoto wa mtaani kwetu humwita ndama, na sioni kama wanakosea. Mimi ni mwanamke wa kimo cha mita moja na sentimita 58. Nikitembea kwa hatua zangu za kawaida, Jabali hawezi kwenda mchakamchaka kwa sababu naenda polepole kuliko mchakamchaka wake, na kutembea taratibu nako kunamwia kuzito kwa sababu naenda haraka kuliko matembezi yake, ndipo anapochagua njia ya katikati isiyomchosha. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kosa hilo, kila asubuhi, kwa zaidi ya mwaka mzima, nikidhani namfanyisha mazoezi.

Mbwa anaweza pia kuingia katika mwendo huo kwa sababu ya uchovu, unene au maumivu ya nyonga na mgongo, kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu yeyote nilimwita daktari wa mifugo amkague. Alimpapasa nyonga, akaikunja na kuikunjua miguu, akamtazama akiinuka na kulala, akasema hana tatizo. Tatizo lilikuwa miguu yangu mimi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujifunza kuona. Mwaka 1878 huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa safu kando ya njia ya farasi, na picha zake zikathibitisha kwamba farasi apigapo shoti kuna wakati miguu yote minne inakuwa hewani, jambo ambalo watu walikuwa wamelibishania bila kulimaliza kwa kuwa jicho la mwanadamu halina kasi ya kuliona. Sisi leo tunayo simu. Mtoto wa dada yangu, ambaye yuko kidato cha tatu na anaishi kwangu, alilala kifudifudi kwenye nyasi za uwanja wa mpira akiwa na simu usawa wa magoti ya mbwa, akaturekodi kwa ile picha inayokwenda polepole. Tulipoitazama jioni tulikaa kimya wote wawili. Kulia, kulia. Kushoto, kushoto. "Mama mdogo," akasema, "kumbe babu alikuwa anaona bila simu."

Simu haipo mkononi kila siku, kwa hiyo nimejifunza njia mbili nyingine ambazo zinanitosha. Ya kwanza ni kivuli. Jua la Iringa linapochomoza tukiwa njiani kuelekea magharibi, kivuli cha Jabali hulala mbele yetu kirefu, na nikitazama kivuli cha miguu naona kama inapishana mithili ya mkasi au inakwenda pamoja kama milango miwili. Ya pili ni nyayo. Baada ya manyunyu ya usiku, vumbi la barabara yetu hushika alama kama unga uliolowana, na nikirudi kwa njia ile ile nainama kuzisoma. Katika mchakamchaka mzuri wa Jabali, wayo wa nyuma huangukia palepale ulipoinuka wa mbele au karibu yake sana, kiasi kwamba alama mbili huonekana kama moja yenye makucha mengi, na mstari wa alama hizo umenyooka. Siku anapokwenda ovyo, alama zimetawanyika katika mistari miwili mipana. Mzee alinifundisha kuzisoma akiwa amechuchumaa, akionesha kwa kijiti bila kugusa alama yenyewe, kama alivyokuwa akifanya Ruaha.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta kasi. Nalisisitiza hili kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu ndilo ninaloliona likikosewa na wengi wanaoshika mbwa wakubwa: kila mbwa ana kasi yake moja ambayo kwayo mwili wake wote unapatana, na mwongozaji hana budi kuitafuta kasi hiyo nyumbani, kuihesabu, na kuizoeza miguu yake mwenyewe hadi aweze kuianzisha bila kufikiri. Tulipima kutoka goli hadi goli. Nikitumia sekunde 45, Jabali alikwenda mwendo wa twiga tangu mwanzo hadi mwisho. Nikitumia sekunde 22, alipiga shoti na mimi nikabaki nikining'inia. Katikati ya hapo, kwenye sekunde 32 hivi, kitu kilibadilika ambacho nilikihisi mkononi kabla ya kukiona: kamba ikawa nyepesi, mgongo ukatulia, na kishindo chake kikaingia katika hatua zangu. Mwingine mwenye mbwa mwenye mgongo mfupi au miguu mirefu zaidi atapata hesabu tofauti, na hata Jabali mwenyewe baada ya kupungua uzito alihitaji sekunde moja pungufu.

Kwa mtu mfupi, kufika sekunde 32 bila kuonekana kama anayekimbilia basi ni suala la urefu wa hatua na si wingi wake. Hatua fupi za harakaharaka humtia mbwa wasiwasi na hufanya mwili wa mwongozaji udundedunde pembeni yake, jambo ambalo humvuta jicho jaji kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu. Nilijizoeza kurefusha hatua, magoti yakiwa laini na mabega yametulia, nikitazama pale ninapokwenda. Kumtazama mbwa wakati wa kukimbia ni tabia ngumu sana kuiacha, na ina gharama: ukimgeukia, mkono wako humvuta kichwa kuelekea kwako, naye huenda mshazari, miguu ya nyuma ikiwa nje ya mstari wa miguu ya mbele. Jaji akiona hivyo hawezi kujua kama mshazari huo umetoka kwenye uti wa mgongo wa mbwa au mkononi mwako.

Ili kulivunja zoea la zamani tulilaza mirunda sita chini, tukaipanga kwa nafasi ya hatua moja ya Jabali, na kumpitisha juu yake asubuhi tatu kwa wiki. Mbwa anayepita juu ya miti iliyolala hulazimika kuinua kila mguu kwa mpango, na mwendo wa twiga humshinda hapo. Kitu kingine kilichosaidia ni kutoanza kamwe kutoka kwenye kutembea kwa uvivu. Nasimama, namruhusu anyooke, nazunguka naye kiduara kidogo upande wangu wa kushoto ili aamke, kisha naondoka kwa hatua ya kwanza iliyo ndefu kama ya kumi. Akiteleza kurudi kwenye zoea lake, sipigi kelele wala sivuti. Nainua kamba kidogo mara moja, navunja mwendo, na kuanza upya. Ilituchukua kiasi cha miezi minne.

Kuhusu kamba nina msimamo mkali. Kilo 68 hazivutwi na mkono wa mtu yeyote, na anayejaribu kumwongoza mbwa wa uzito huo kwa nguvu za mkono ameshashindwa kabla ya kuingia uwanjani. Kola nyembamba ya maonesho hukaa juu, nyuma ya masikio, lakini kukaa juu hakumaanishi kukazwa. Mbwa aliyening'inizwa kwa shingo hupoteza uzito kwenye miguu ya mbele, akaanza kuitupatupa hewani badala ya kuifikisha mbele, na watazamaji wasiojua hupiga makofi wakidhani ni madaha. Great Dane akikimbia vizuri hushusha kichwa kidogo na kukipeleka mbele, kwa hiyo kamba inatakiwa impe nafasi hiyo. Sehemu iliyozidi naikunja yote ndani ya kiganja cha kushoto isining'inie. Viatu vyangu ni vya soli ya mpira isiyoteleza, na sketi pana nimeiacha nyumbani tangu siku ilipopepea na kumpiga Jabali jichoni katikati ya zoezi. Kucha zake nazikata kila wiki, maana kucha ndefu humfanya akanyage kwa kisigino na kuharibu kila kitu tulichojenga.

Uwanjani kwenyewe taratibu si nyingi. Mbwa hukaa upande wa kushoto wa mwongozaji na wote huzunguka kinyume cha mzunguko wa saa, ili jaji aliyesimama katikati amwone mbwa bila kuzibwa na mtu. Kwanza mnazunguka pamoja, kisha kila mmoja peke yake: mstari wa kwenda na kurudi, ambapo jaji hutazama miguu ya nyuma ikiondoka na ya mbele ikija, na mara nyingi pembetatu, ambayo humwonesha pia ubavu. Kwa mbwa mkubwa shida iko kwenye kona na kwenye nafasi. Hatua tano tu na umefika mwisho wa upande, kwa hiyo itumie sehemu yote uliyopewa hadi pembeni kabisa, punguza kasi kidogo kabla ya kona badala ya ndani yake, na umpe mbwa upinde mpana wa kugeukia. Kama mbele yako kuna mbwa wa hatua fupi, usiondoke mpaka aliyetangulia amefika mbali, kwa sababu ukimkaribia utalazimika kubana kasi, na kasi ikibanwa twiga anarudi. Ukirudi kwa jaji, simama kiasi cha mita mbili kabla ya kumfikia. Mbwa wa sentimita 84 akisimama miguuni pa mtu haonekani. Huonekana kichwa peke yake.

Safari ya pili ya Nairobi tuliifanya Jabali akiwa na miaka mitatu. Nairobi ndiko mashindano ya aina hii yanakofahamika zaidi katika Afrika Mashariki, ambako pia kiko chama cha East Africa Kennel Club, na kwa mtu wa Iringa ni mwendo wa siku mbili: Dodoma, Babati, Arusha, kisha mpaka wa Namanga ukiwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na vibali vya mifugo mkononi. Pale Mtera joto lilitupokea kama tanuri, tukasimama kivulini nusu saa ili anywe maji kidogo kidogo. Mbwa wa kifua kirefu kama huyu hapewi shibe kubwa kabla ya kukimbizwa wala mara tu baada ya kukimbizwa, kwa sababu tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hali hiyo huua ndani ya saa chache. Pumzi haikunitisha. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Iringa yetu ni zaidi ya mita 1,500, kwa hiyo mapafu yangu na ya Jabali yalijua hewa ile.

Tulipoitwa peke yetu nilizunguka kiduara changu kidogo, nikavuta pumzi, nikaondoka. Nakumbuka hatua tatu za mwanzo, ambazo niliziogopa, na ya nne ambapo kamba ilikuwa nyepesi. Nilimsikia akipiga chini, mbili, mbili, na kwa wepesi ule wa kamba, kwa mara ya kwanza sikuwa na haja ya kuona ili nijue. Kwenye pembetatu nilibana kona ya pili kuliko ilivyofaa, akavunja mwendo kwa hatua moja, akajirudisha mwenyewe. Jaji alituagiza tuzunguke uwanja wote, na safari hii hakututaka turudie. Tulipata nafasi ya tatu kati ya Great Dane watano, na aliyeshika ya kwanza alistahili, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake.

Jabali sasa ana miaka sita, ambayo kwa mbwa wa kimo chake ni utu uzima mkubwa, na sikimbii naye tena goli hadi goli, tunatembea. Binti yake ana miezi kumi na minne. Yeye bado simkimbizi kwenye barabara ngumu, kwa kuwa mifupa ya mbwa wakubwa huendelea kukua hadi miezi 18 na kuzidi, lakini tangu akiwa mdogo hakuna mtu wa nyumba hii anayeruhusiwa kumtembeza kwa kasi ile ya katikati: ama polepole kabisa, ama anaachiwa acheze uwanjani apendavyo. Atakayemwongoza ni mtoto wa dada yangu, ambaye amenipita kimo tangu mwaka jana na ana miguu ya kazi hiyo. Kwa sasa anafanya mazoezi bila mbwa, kamba tupu imekunjwa kiganjani, macho mbele, akiweka fimbo nne za kona na kuzizunguka kinyume cha saa. Bado anainamisha kichwa kutazama upande wa kushoto, mahali ambapo mbwa angekuwepo, na mzee akiwa nje humpigia kelele kutoka shambani kwamba ainue uso.